Kwa Shanta Katika Milima ya Chai ya Sri Lanka

Nyanda za juu za Sri Lanka, kisiwa kilichojulikana kama Ceylon hadi mwaka 1972, huvutia wasafiri wengi wa shanta, yaani watalii wanaobeba virago vyao mgongoni, wakilala katika nyumba za wageni za bei nafuu na kupanda vyombo vilevile vinavyopandwa na wenyeji. Uchache wa fedha zao, ambao mtu angeudhania kuwa kikwazo, ndio unaowafikisha karibu na chai kuliko mtalii wa gari la kukodi, kwa kuwa reli na njia za miguu wanazozitumia zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba na watu wake.

Reli hiyo huanzia Colombo, hupita karibu na Kandy, mji ulio kwenye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, kisha hupanda kwa kuzungukazunguka hadi Pattipola, stesheni ya juu kuliko zote nchini, yenye kimo cha mita 1,898, kabla ya kuteremka kwenda Haputale, Ella na Badulla, ambako njia ilifika mwaka 1924. Kutoka Kandy hadi Ella ni mwendo wa saa sita au saba, na abiria wa daraja la tatu, ambaye dirisha lake hufunguka, hupata nafasi ya kutosha kuwatazama wachumaji mteremkoni. Karibu wote hushuka Ella kulipiga picha daraja la matao tisa lililokamilika mwaka 1921 kwa mawe, matofali na saruji bila nguzo za chuma. Wachache tu huenda hatua chache mbele hadi stesheni ya Demodara, ambako reli huzunguka kilima na kupita kwa handaki chini ya stesheni yenyewe, ingawa ufundi huo pengine unastahili sifa kubwa zaidi.

Milima hii haikuvikwa chai tangu zamani. Zao la wakoloni wa Kiingereza lilikuwa kahawa, hadi mwaka 1869 mibuni ilipovamiwa na kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu unaoacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani na kulipukutisha, ambao mwaka 1861 ulikuwa umekwisha kuonekana kwenye mibuni mwitu ya kandokando ya Ziwa Viktoria na ambao wakulima wa Afrika Mashariki wanaujua vyema hadi leo. Mskoti James Taylor alikuwa amepanda chai mwaka 1867 katika shamba la Loolecondera, eneo la hekta 8 hivi, na kahawa ilipokufa walowezi wakafuata mfano wake. Mfanyabiashara Thomas Lipton alinunua mashamba mwaka 1890, likiwamo la Dambatenne juu ya Haputale.

Kutoka kiwanda cha Dambatenne hadi kilele kiitwacho Kiti cha Lipton ni kilomita 7 hivi za kupanda, na inafaa kuondoka alfajiri, kwani ukungu ukishapanda kutoka bondeni hakuna kinachoonekana. Njiani msafiri hupishana na wanawake waliofunga gunia kwa mkanda unaopita utosini. Vidole hukata majani mawili machanga na chipukizi lake, kiganja kikijaa hutupwa nyuma ya bega bila macho kugeuka. Ujira wa siku umefungamanishwa na uzito, mara nyingi kilo 18 au zaidi, na penye mizani ndipo penye manung'uniko, kwa sababu hukatwa kilo kadhaa kufidia maji ya mvua na gunia lenyewe.

Wengi wao ni Watamili, wajukuu na vitukuu wa vibarua walioletwa kutoka kusini mwa India, na bado wako wanaoishi katika nyumba za safu ndefu zilizojengwa enzi za ukoloni, chumba kikitenganishwa na chumba kwa ukuta mmoja tu. Sheria ya uraia ya mwaka 1948 iliwanyima uraia, mamia ya maelfu wakahamishiwa India kwa mkataba wa mwaka 1964, na waliobaki hawakumaliziwa suala hilo hadi sheria ya mwaka 2003.

Kiwandani majani hunyaushwa usiku kucha kwa hewa inayopulizwa chini ya vichanja, husokotwa ili utomvu utoke, huachwa yabadilike rangi yakawa ya shaba, kisha hukaushwa. Kilo moja ya chai huhitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi. Ile inayotoka juu ya mita 1,200 huuzwa kama chai ya milimani, na katika jimbo la Uva, ambamo Haputale na Ella zimo, ubora hufikia kilele kati ya Julai na Septemba, pepo kavu zinapoyabana majani na kuzidisha harufu yake. Anayefika miezi hiyo hukuta vumbi na upepo mkali, mvua kidogo, na viwanda vikiwa katika msimu wa chai yao yenye bei kubwa kuliko zote.