Mupira wa shingoni: infirmie naye apewe haki ya kusimamisha kazi

Sisi watu wa mugodi tunajua kuhesabu hatari: jiwe kuanguka, gari kubwa kurudi nyuma, vumbi, asidi. Kuko hatari ingine tunaikuta wakati tumeshafika mahali pa kupona. Ni ule mupira muganga anauingiza kwa mushipa mukubwa wa shingo, chini ya mufupa wa bega, ao kwa kinena. Wanauita kateteri ya santrali. Si seromu ya mukono ile wote tunajua: ncha yake inafika karibu na moyo. Wanaiweka kwa mutu aliyechomwa vibaya, mwenye ajali kubwa, mwenye kulala reanimasio. Wengi wetu tumeijua juu ya dialize, wakati figo za mutu zimechoka.

Mupira huo unaokoa, hatukatai. Lakini ngozi njo ukuta wa mwili, na ukuta umetobolewa. Vijidudu vya ngozi, ao vya mikono ya yule anayeushika, vinafuata mupira mpaka ndani ya damu. Mutu aliyeanza kupona anatetemeka, homa inapanda, tansio inashuka. Hapa kwetu kila mutu atasema: ni malaria. Kamarade wetu mmoja wa fonderi, kwa hospitali moja hatutaitaja, alipewa dawa ya malaria siku tatu, mupira ukiwa bado shingoni na bandeji imelowana jasho.

Wachunguze malaria, ndiyo. Lakini mwenye kateteri akishikwa na homa, wachukue pia damu yake kwa laboratware kutafuta vijidudu, mbele ya kuanza antibiotiki, na wajiulize kama mupira utoke. Mara nyingi dawa peke yake haitoshi kama mupira ungali ndani. Tena musingoje kuona usaha: kwa nje ngozi inaweza kuwa safi wakati damu imeshachafuka.

Ugonjwa huu unazuilika, na walioonyesha hivyo hawakutumia mashini mupya. Mwaka 2001, kwa hospitali ya Johns Hopkins, muji wa Baltimore, Marekani, muganga Peter Pronovost aliandika kwa karatasi mambo machache: kunawa mikono na sabuni, kusafisha ngozi ya mugonjwa na klorheksidini, kumufunika mwili mzima na shuka lisilo na vijidudu, muganga kuvaa maski, kofia, kanzu na gants, kisha kufunga bandeji safi. Kila muganga aliyajua. Mwezi mmoja waliomba infirmie waangalie tu na kuandika. Waliona kwa zaidi ya mugonjwa mmoja juu ya watatu, muganga aliruka jambo moja ao zaidi. Na hiyo ni moja ya hospitali kubwa za dunia!

Kisha wakubwa wa hospitali wakawapa infirmie ruhusa: ukiona jambo limerukwa, simamisha muganga. Mbele ya hapo, wagonjwa 11 kwa 100 waliokaa na mupira siku kumi walipata vijidudu. Nyuma ya mwaka mmoja, hesabu ilifika 0. Karatasi ikapelekwa Michigan (nao ni watu wa shaba, babu zao walifanya grève kubwa mwaka 1913), kwa reanimasio zaidi ya 100. Huko walikaza tena mambo mawili: kukwepa kinena, na kutoa mupira mara moja ukiisha kazi. Matokeo yalitoka 2006: katika siku 1.000 za wagonjwa wenye kateteri, maambukizo ya damu yalishuka kutoka 7,7 mpaka 1,4.

Kilichotugusa sisi wa sindika ni ile ruhusa. Kwa mugodi, mufanyakazi akiona ukuta unapasuka anapiga kelele, hata enjenyere anasimama. Kwa hospitali, mama infirmie wa miaka makumi mbili anaona dokta kijana anashika mupira bila kunawa, na ananyamaza, anaogopa kupoteza mukate. Bila mukubwa kumusimamia, karatasi ya Pronovost ingebaki kwa ukuta tu, kama mapicha ya usalama tunayoyaona kila asubuhi.

Jambo lingine ni vyombo. Pronovost aliomba wakubwa wa hospitali wanunue kwanza klorheksidini. Hapa jamaa ya mugonjwa ndiyo inatumwa kwa farmasi kununua gants na bandeji, na jioni farmasi imefungwa. Code du travail ya 2002 inamulazimisha mwenye kazi atunzishe mufanyakazi na jamaa yake. Kwa hiyo kwa mazungumuzo yanayokuja tutaweka juu ya meza: hospitali inayopokea watu wetu iwe na sabuni, alkoli, gants na bandeji kila siku, na infirmie asiadhibiwe kwa kusimamisha kazi.

Mama na baba wanaolinda mugonjwa: bandeji ikilowana ao kuachia, muite infirmie, musiifunge wenyewe. Wakati wa kuoga, maji yasifike pale. Kabla ya kuunganisha kitu, ncha ya mupira isuguliwe na alkoli. Kateteri ya dialize ni ya dialize, isitumiwe kwa seromu ya kila siku. Na kila asubuhi, kwa heshima, muulize: “Dokta, mupira huu ungali na kazi leo?”