Jiwe Likivunjwa Haliandikwi Tena

Nilikwenda Oman kumtazama mpwa wangu, mkaazi wa Sohar, ambaye Kiswahili chake kingali na ladha ya Unguja. Siku moja akanitwaa kwa gari, tukaifuata njia ya Buraimi mpaka Wadi Jizzi. Huko hakuna mti wa kumfaa mtu kwa kivuli. Ni milima mitupu, myeusi, kama iliyopitiwa na moto.

Kumbe moto ulipita kweli, tena chini ya bahari! Kando ya bonde niliona mawe ya mviringo yamelaliana mfano wa mito kitandani. Wataalamu wa miamba wanatueleza kuwa ni uji wa mawe uliomwagika baharini, ukagandishwa na maji baridi, yapata miaka milioni 95 iliyopita. Kisha ardhi ikasukumana, sakafu ya bahari ikapandishwa juu ya Bara Arabu. Miamba hiyo, iitwayo Semail, ina urefu wa karibu kilomita 500. Kwingi duniani sakafu kama hiyo hufikiwa kwa kutoboa chini ya maji. Hapa waikanyaga kwa makubadhi. Mwaka 1975 picha ya mito hii ya mawe ilipamba jalada la Geotimes, jarida la Kimarekani, na hata leo wataalamu huliita tabaka hilo kwa jina la jarida.

"Lakini mjomba," akasema mpwa wangu, "haya si mawe tu? Watu wanataka barabara na nyumba."

Swali lake ni la haki. Hakuna nchi iwezayo kuzungushia ua kila jabali. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupima. Je, pana jambo lisilopatikana kwingine? Pangali pazima? Mwanafunzi aweza kupafikia bila ya kuhatarisha roho yake? Na ni hatari ipi iliyo karibu: wachimba kokoto, barabara mpya, rangi za waandikao majina yao, au nyundo za wataalamu wenyewe? Palipo adimu na penye hatari ndipo palindwe kwanza. Kokoto na zichimbwe kwingine, ambako mawe ni yale yale.

Nikiyawaza hayo, nikatia mkono mfukoni. Mlikuwa na kijiwe nilichokiokota ili niwapelekee wajukuu wangu Mombasa. Ni kimoja tu, nikajitetea. Je, kila mgeni akichukua kimoja? Haba na haba hujaza kibaba. Wasomaji, haba na haba hukimaliza pia.

Tulipokuwa chuoni tuliandika ubaoni, tukaufuta kwa maji, tukaandika tena. Jiwe halina desturi hiyo. Nikakirudisha nilipokitoa.

"Sasa wajukuu utawapelekea nini?" akaniuliza mpwa wangu, akicheka.

"Habari," nikamjibu. "Wakikua, waje waone wenyewe. Kazi yenu ni kuhakikisha wanayakuta."