Neno Moja la Kiingereza, Maana Mia Sita na Zaidi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiingereza hukutana mapema sana na neno "run". Mwalimu huliandika ubaoni, hueleza kwamba maana yake ni "kukimbia", na darasa zima huitikia kwa sauti moja. Tangu siku hiyo mwanafunzi hulihesabu neno hilo kuwa mali yake. Miaka hupita, naye huingia ofisini, au zahanati, au chumba cha habari. Na huko neno lile lile humrudia likiwa limevaa nguo nyingine, asilitambue.

Nia yetu katika makala haya ni kulitazama neno hilo kwa makini. Hatufanyi hivyo kwa kustaajabia lugha ya wageni, bali kwa sababu wengi wetu hufasiri kila siku baina ya Kiingereza na Kiswahili, na kosa la neno moja huweza kumdhuru mtu ambaye hata hakuwapo wakati wa kufasiri.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Kamusi kuu ya Kiingereza ni ile ya Oxford. James Murray alikabidhiwa uhariri wake mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884, na kazi nzima ikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki dunia. Kwa muda mrefu neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote katika kamusi hiyo lilikuwa "set", ambalo katika toleo la pili la mwaka 1989 lilipewa maana zaidi ya 400. Lakini wahariri walipoipitia upya kamusi, "run" lilijitokeza na kulipita. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kitenzi hicho kimehesabiwa kuwa na maana 645. Mhariri Peter Gilliver aliyeishughulikia kazi hiyo alitumia kiasi cha miezi tisa kwa neno hilo moja tu.

Je, neno fupi namna hii lilipataje mzigo mkubwa hivyo? Neno lenyewe ni la kale, na lina undugu na neno la Kijerumani "rinnen", lenye maana ya kutiririka. Kwa hiyo tangu zamani liliyahusu maji kama lilivyoihusu miguu. Ndani yake mna wazo la mwendo unaoendelea bila kusita. Kisha Waingereza walipoanza kuunda mitambo, katika karne ya 18 na ya 19, walihitaji kusema kwamba mashine inafanya kazi, kwamba garimoshi linasafiri juu ya reli, kwamba kiwanda kinaendeshwa. Hawakubuni neno jipya. Walilitwika "run" kazi hizo zote. Na ilipofika zama ya kompyuta, neno hilo hilo likaajiriwa tena.

Tukizipanga maana hizo kwa jamaa zake, tutaona kwamba kila jamaa ina visawe vyake. Katika jamaa ya miguu, Mwingereza anayo "sprint" kwa mbio za nguvu zote za masafa mafupi, "jog" kwa mbio za polepole za kunyosha viungo, na "gallop" kwa farasi. Nasi hatukosi: mtu hutoka mbio, hutimua mbio, farasi huenda shoti na punda huenda telki. Katika jamaa ya maji wao wana "flow" na "stream", nasi tuna kutiririka, kububujika, kuchuruzika na kuvuja. Katika jamaa ya uongozi wao wana "manage", "direct" na "administer", nasi tuna kuendesha, kuongoza na kusimamia.

Hapa inafaa tutambue jambo moja zuri. Neno letu "kuendesha" limetokana na "kwenda". Anayeendesha duka, gari au mkutano hukifanya kitu kiende. Maana yake ni kwamba Mswahili na Mwingereza waliliona jambo lile lile, yaani kazi ni mwendo. Ila Mwingereza aliliacha neno lake bila kulibadili, nasi tukaliongezea kiambishi. Kwa sababu hiyo tusimcheke Mwingereza kwa wingi wa maana zake. Sisi wenyewe tuna kitenzi "kupiga": twapiga simu, pasi, picha, kura, magoti, hodi na mbio, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili huhangaika na "piga" kama sisi tunavyohangaika na "run".

Basi hatari iko wapi? Tuanze na benki. Kiingereza husema "a run on a bank" pale ambapo wateja wamepoteza imani na benki yao, wakaenda wote kwa pamoja kutoa fedha zao. Jambo hilo liliwapata Wamarekani, na tarehe 6 Machi 1933 Rais Roosevelt alilazimika kuzifunga kwa muda benki zote za nchi. Liliwapata Waingereza pia mwezi wa Septemba 2007, watu walipopanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock. Sasa, mfasiri akiandika kwamba "wateja waliikimbilia benki", amesema kinyume kabisa. Katika Kiswahili mtu hukimbilia mahali pa usalama, ndipo tukapata neno "kimbilio". Msomaji ataelewa kwamba benki hiyo ndiyo inayoaminiwa kuliko zote, na huenda akapeleka akiba yake huko huko inakozama. Yampasa mfasiri aseme kwamba wateja walifurika benki kutoa fedha zao kwa hofu.

Tuingie zahanati. Mgonjwa akielezwa kwa maneno "he is run down", maana yake ya kawaida ni kwamba amedhoofika na kuishiwa nguvu. Lakini yakiandikwa "he was run down by a car", mtu huyo amegongwa na gari. Mmoja anahitaji chakula bora na mapumziko, mwingine anahitaji kuchunguzwa mifupa na damu upesi. Kadhalika mwuguzi anayesema kwamba dawa "have run out" hasemi kwamba zimemwagika wala kwamba zimeibwa. Zimekwisha, na nyingine ziagizwe.

Hata katika siasa neno hilo halitulii mahali pamoja. Mmarekani anayewania urais hutumia "run", ilhali Mwingereza anayetaka kiti cha Bunge hutumia "stand", yaani kusimama. Kazi ni moja, lakini huku mtu anakimbia na kule amesimama! Kiswahili hakikosi neno lake: mgombea hugombea.

Mfano wa mwisho twaona ndio mzito kupita yote, nao unazihusu nchi zetu moja kwa moja. Kwa Kiswahili, mtu aliyekimbia nchi yake kwa kuogopa vita au kuteswa huitwa "mkimbizi". Mwingereza humwita "refugee", neno lililotokana na hifadhi. Sisi tumetazama miguu iliyomtoa, Mwingereza ametazama paa litakalomfunika. Wote wawili twamsema mtu mmoja, na mtu huyo ana haki. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake umo hatarini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukawajumuisha wanaokimbia uvamizi kutoka nje na machafuko makubwa ya nchini mwao.

Sasa chukulia kwamba karani au mkalimani, kwa kukumbuka somo lake la kwanza, analivunja neno "mkimbizi" vipande viwili, akapata "run", kisha akaandika "runaway". Kwa Kiingereza neno hilo ni la mtoto aliyetoroka nyumbani au farasi aliyekata kamba. Ndilo neno lililojaa katika matangazo ya magazeti ya Marekani enzi za utumwa, mabwana walipokuwa wakiwasaka watumwa wao waliotoroka. Kiswahili chake si mkimbizi, bali ni mtoro. Mtoro hutafutwa ili arudishwe. Mkimbizi hulindwa asirudishwe. Kwa neno moja lililochaguliwa vibaya, mama aliyevuka mpaka na watoto wake aweza kuandikwa katika karatasi kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Hajui Kiingereza, hawezi kuisoma karatasi hiyo, wala hawezi kuisahihisha.

Kwa hiyo twawashauri walimu wasiwafundishe watoto neno la Kiingereza likiwa pweke, bali wawafundishe pamoja na maneno linaloandamana nayo. Wanafunzi nao wajizoeze kuuliza swali moja kila wakutanapo na neno kama hili: ni nani au ni nini kinachotenda? Kama ni mtu, kama ni maji, kama ni mashine, kama ni deni, jibu la swali hilo litafungua njia ya maana. Kisha watafute kisawe kinachofaa hapo, wakikumbuka kwamba visawe ni ndugu lakini si pacha: "run" la mazungumzo ya dukani si "administer" la waraka wa serikali, ingawa yote mawili huhusu kuongoza kazi.

Kamusi ni mshauri mwema, lakini haimjui mtu unayezungumza naye wala jambo lililomleta. Hayo huyajua mfasiri mwenyewe. Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mfasiri anayekimbilia maana ya kwanza inayomjia kichwani hufika ukingoni upesi. Tofauti ni kwamba aghalabu si yeye anayeanguka, bali ni yule aliyemwamini.