Mchumaji Msahaulifu: Kanuni za Pamoja kwa Mawakala wa Akili Unde

Mchumaji mgeni katika mashamba ya chai ya Sosiot, huko Belgut katika Kaunti ya Kericho, huelezwa kanuni ya kazi asubuhi ya kwanza: chuma majani mawili na chipukizi, yaliyokomaa yaache. Akiambiwa mara moja au mbili, yatosha. Msomaji na avute taswira ya mchumaji hodari kuliko wote, ambaye kila jioni husahau yote aliyoambiwa na kesho yake huingia shambani kana kwamba hajawahi kuuona mchai. Hivyo ndivyo alivyo wakala wa akili unde anayeandika programu za kompyuta.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi usahaulifu huo unavyotibiwa, na kwa nini tiba yenyewe inawahusu wanafunzi wa Kiswahili.

Wakala tunayemzungumzia ni programu inayopokea maagizo kwa lugha ya kawaida, ikasoma mafaili ya mradi, kisha ikaandika na kurekebisha msimbo yenyewe. Ujuzi wake umetokana na matini nyingi mno aliyofunzwa kwayo. Hata hivyo, mazungumzo ya leo hayauongezi ujuzi huo. Hukaa katika muktadha wa kikao kimoja, na kikao kikifungwa, muktadha nao hutoweka.

Tuchukulie kwamba vijana watatu wa Sosiot wanaunda programu ya simu ya kuweka kumbukumbu za majani chai yanayopimwa kituoni. Wa kwanza anamwagiza wakala wake kwamba uzito uandikwe kwa desimali moja. Juma linalofuata mwenzake anamwagiza wakala wake aongeze ukurasa wa jumla ya mwezi. Wakala huyo, asiyejua agizo la awali, anakata desimali ili tarakimu zipendeze. Mkulima aliyepima kilo 14.7 anaandikiwa 14. Akipima hivyo mara 4 kwa mwezi, kilo 2.8 zimekwenda, na hakuna aliyekusudia kumwibia.

Dawa iliyoenea tangu mwaka 2025 ni nyepesi kiasi cha kushangaza: faili moja ya maandishi, iwekwayo katika folda kuu ya mradi, ambayo wakala huisoma kila anapoanza kazi. Claude Code ya kampuni ya Anthropic husoma faili iitwayo CLAUDE.md, mawakala wengine wengi hutumia jina AGENTS.md. Kwa kuwa faili hiyo huhifadhiwa pamoja na msimbo, washiriki wote huwa na nakala ileile, na badiliko lolote huonekana limefanywa na nani na lini. Yafaa iwe fupi, kwani nayo hula nafasi ya muktadha. Kumwambia wakala "andika vizuri" hakumsaidii kitu. "Uzito ni kilo zenye desimali moja, usikate, kwa sababu mkulima hulipwa kwa tarakimu hii" ni agizo linaloshikika.

Ikumbukwe kwamba faili hiyo si msimbo bali ni nathari, na yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Aidha, programu inayosema na mkulima kwa Kiswahili inahitaji istilahi moja. Wakala asiye na kanuni ataandika "majani chai" ukurasa wa kwanza, "majani ya chai" wa pili, na "mavuno" wa tatu. Atasema "hifadhi" hapa na "okoa" pale. Hata yeye mwenyewe tunamwita akili unde, akili mnemba na akili bandia!

Historia yetu inalifahamu tatizo hili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikabidhiwa kazi ya kusanifisha tahajia kwa ajili ya waandishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ambao wengi wao hawakupata kuonana kamwe. Kanuni zilizoandikwa zilisimama badala ya mazungumzo. Lakini katika miaka yake ya mwanzo Waafrika hawakuwa miongoni mwa wajumbe, na mjadala juu ya jambo hilo haujaisha katika madarasa yetu ya isimujamii. Kosa hilohilo linaweza kurudiwa iwapo faili ya kanuni itaandikwa na mtaalamu wa kompyuta peke yake, bila karani wa mizani wala mtu wa lugha kuulizwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kanuni ikisomwa imetekelezwa. Wakala huweza kuisoma na bado akaivunja, hasa kazi inapokuwa ndefu. Kwa hiyo kanuni zinazogusa riziki ya mtu huandikiwa pia jaribio la kujiendesha: ingiza 14.7, na isiposomeka 14.7 katika kila ukurasa, msimbo ukataliwe.