Nafsi ya Magharibi na Nafsi ya Mashariki: Tatizo la Mfasiri

Neno "nafsi", lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, hubeba mzigo wa falsafa na wa sarufi pia. Kwa sababu hiyo mfasiri huweza kulitumia kwa dhana zisizolingana. Kiingereza na Kijapani vyatoa mfano bayana.

Katika falsafa ya Ulaya, René Descartes alishikilia mwaka 1637 kwamba jambo lisiloweza kutiliwa shaka ni kuwapo kwake yeye anayefikiri. Nafsi ya namna hii hujitambua kabla ya kukutana na wenziwe. Msemaji wa Kiingereza naye hujitaja kwa kiwakilishi kile kile, awe mbele ya hakimu au ya mtoto wake.

Kijapani hufuata njia nyingine. Watashi hufaa penye adabu. Boku na ore hutumiwa hasa na wanaume, la pili likiwa la mazoea zaidi. Baba azungumzapo na mwanawe huweza kujiita otoosan, yaani "baba". Aghalabu msemaji hajitaji kabisa: ikimasu chaweza kumaanisha "nitakwenda" au "atakwenda", kwa kadiri ya muktadha. Mwanafalsafa Watsuji Tetsurō (1889–1960) alilifafanua neno ningen, "binadamu", kwa kuzitazama alama zake mbili za maandishi, "mtu" na "baina". Kwa maoni yake, utu umo pia katika uhusiano wa mtu na mtu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba sarufi ndiyo iumbayo nafsi. Kihispania nacho huacha kiwakilishi, ilhali ni lugha ya Magharibi. Tena David Hume wa Uskoti alikana mwaka 1739 kwamba mtu huiona ndani yake nafsi isiyobadilika, akayakaribia mafundisho ya Kibuddha kuliko ya Descartes.

Kiswahili kina sehemu katika pande zote mbili. Kwa kawaida hakisemi "nitakwenda" bila kiambishi ni-. Lakini mama humwambia mwanawe "njoo kwa mama", naye mwenyewe ndiye mama huyo. Basi riwaya ya Kijapani ifasiriwapo kupitia Kiingereza, watashi, boku na ore huwa neno moja, na otoosan huenda ikageuzwa "mimi". Hivyo Kiswahili hunyimwa hata kile ambacho kingeweza kukieleza kwa wepesi. Hasara hiyo haitokani na upungufu wa Kiswahili, bali na njia iliyopitiwa.