Kwa Nini Hesabu za Sola Hazilingani?

Mapaa mengi ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, sasa yamevikwa paneli za sola. Pamoja na neema hiyo limezuka swali linalotia fitina majumbani: simu yaonyesha uniti 20, inveta yasoma 19, na mita ya ukutani yatoa hesabu ya tatu. Pale ndugu wanapogawana bili ya nyumba ya urithi, au mwenye nyumba na mpangaji wake, tofauti hiyo hugeuka tuhuma: nani amekula uniti? Tumeona ni wajibu wetu kulifafanua jambo hili kabla watu hawajavunjiana heshima.

La kwanza ni mahali pa kupimia. Paneli hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, ilhali vyombo vya nyumbani hutumia mkondo geu. Inveta ndiyo inayougeuza, na katika kugeuza, sehemu yake hupotea kama joto. Inveta nzuri hubakisha takriban asilimia 95 hadi 98. Basi uniti 20 zilizopimwa kabla ya inveta huwa 19 na ushei baada yake. Penye betri, nyingine hupotea katika kuweka na kutoa. Mita ya shirika la umeme nayo huhesabu kilichopita kwake tu. Umeme wa sola ulioendesha friji mchana haukuifikia kamwe.

La pili ni namna ya kuhesabu. Kilowati ni kasi ya umeme. Kilowati-saa, tuiitayo uniti, ni jumla yake. Mita huhesabu mfululizo. Programu nyingi za simu hupokea kisomo kila baada ya dakika kadhaa, na baadhi yake hukadiria jumla kutokana na visomo hivyo. Ni kama mtu anayechungulia mfereji mara moja moja, kisha akasema pipa limejaa kiasi gani. Wingu likipita kati ya visomo viwili, halionekani. Mtandao ukikatika, vyombo vingine huhifadhi hesabu na kuituma baadaye, vingine huipoteza. Ndiyo maana jumla ya jana yaweza kuongezeka leo.

La tatu ni mpaka wa siku. Sisi siku yetu huanza jua linapotua. Chombo huanza yake usiku wa manane, tena kwa saa kilichowekewa. Kikiachwa katika majira ya California, usiku wa manane wa huko ni saa nne au saa tano asubuhi ya Mombasa, na jua la siku moja hukatwa vipande viwili. Hesabu ya mwezi yaweza kukaribiana na ukweli huku za kila siku zikiwa zimevurugika.

La nne ni usahihi wa kipimo chenyewe. Mita za malipo za majumbani hutengenezwa kwa viwango vinavyoruhusu kosa la asilimia 1 au 2. Kipimo cha ndani ya inveta aghalabu hakikukusudiwa kutoza watu fedha.

Kwa hiyo twawanasihi wanaogawana bili wakubaliane mapema, kwa maandishi, ni mita ipi itakayoamua, na kila nyumba iwe na mita yake ndogo baada ya inveta. Isomwe saa ile ile, mathalani baada ya Magharibi, kwa siku 7, na tarakimu ziandikwe daftarini mbele ya pande zote. Tofauti ndogo isiyobadilika ni maumbile ya vyombo. Ikikua ghafla, aitwe fundi: huenda kipimo kinachobana waya kimefungwa kinyume, kikahesabu umeme unaoingia kuwa unatoka.

Tarakimu mbili zilizopimwa mahali pawili tofauti si ushahidi wa wizi. Tuulize kwanza zimepimwa wapi, lini na kwa chombo gani. Ndipo tuzungumze habari ya mtu.