Mtoto Asiyestahimili Mwanga wala Kuguswa, na Kipimo cha Macho

Wapo watoto ambao shati jipya huwawasha kama upupu, kengele ya shule huwafanya wazibe masikio, na mwanga wa taa ukiwaelekea usoni hulia kana kwamba wamepigwa kofi. Majirani husema mtoto huyo amedekezwa. Wengine hunong'ona kuwa ana mashetani. Hakuna kati ya hayo lililo kweli. Mtoto wa namna hiyo hupokea mwanga, sauti, harufu na mguso kwa nguvu kuliko wenzake. Hali hiyo huonekana sana kwa watoto wenye usonji, aliouandikia daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, ingawa wapo pia wasio na usonji walio nayo.

Sasa mtoto huyo apelekwe kupimwa macho! Chumba hutiwa giza, kisha kurunzi humulikwa ndani ya jicho. Mtu asiyemjua humsogelea hata pumzi yake ikasikika. Kidevu huwekwa juu ya chuma baridi, na baadaye hutiwa dawa inayochoma. Yote anayoyakimbia yamekusanywa mahali pamoja. Si ajabu kwamba akina mama wengi hurudi nyumbani kabla kazi haijaanza, wakiona haya mbele ya wagonjwa wengine, na wasirudi tena.

Kutorudi huko kuna hasara. Jicho moja likiwa na makengeza, au likiwa na upungufu mkubwa kuliko la pili, ubongo wa mtoto huacha kulisikiliza. Tiba hufaa zaidi mapema, hasa kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Akichelewa, huenda jicho lile lisione vema maisha yake yote, hata kwa miwani. Naye mtoto halalamiki, kwa sababu hajapata kuona vinginevyo. Shuleni huitwa mjinga. Zaidi ya hayo, makengeza huonekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wengine. Na mzazi akiona weupe ndani ya mboni ya mwanawe, asingoje maandalizi yoyote yanayoelezwa hapa; ampeleke hospitali upesi, maana weupe huo waweza kuwa dalili ya saratani ya jicho.

Penye nafasi, maandalizi yaanze nyumbani wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe. Jioni, mama na mtoto wacheze mchezo wa kurunzi: kwanza mtoto ammulike mama mkononi, kisha mama ammulike yeye mguuni, tumboni, na mwisho mwanga upite usoni kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Hesabu ikiisha, mwanga uzimwe kama ilivyoahidiwa. Mtoto akijua kwamba jambo lina mwisho hulivumilia. Afundishwe pia kuziba jicho moja kwa kiganja chake mwenyewe, kwani mkono wake haumtishi kama mkono wa mgeni.

Kusoma herufi si lazima. Kadi aliyoibuni Herman Snellen huko Uholanzi mwaka 1862 ni ya herufi, lakini iko nyingine yenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku, ambayo mtoto huonyesha kwa vidole upande ilikoelekea. Daktari Lea Hyvärinen wa Finland naye alitoa kadi yenye picha nne tu: tofaa, nyumba, duara na mraba. Picha hizo zaweza kuchorwa nyumbani, na mtoto asiyesema akazionyesha kwa kidole. Hata akikataa yote hayo, mpimaji mzoefu huweza kukisia miwani inayomfaa kwa kuangalia jinsi mwanga unavyorudi kutoka ndani ya jicho, bila mtoto kujibu neno.

Siku ya safari, afadhali kufika asubuhi mapema. Mtoto aliyebanwa ndani ya taksi iliyojaa, muziki ukivuma, kisha akakaa saa tatu kwenye foleni, huwa amekwisha kuchoka kabla hajaitwa. Kliniki kubwa za macho, kama zile za Mulago jijini Kampala na Ruharo mjini Mbarara, zimezoea watoto. Lakini hakuna muuguzi awezaye kujua asiloambiwa. Mama aseme mapema: "Dada, mwanangu huyu hastahimili kuguswa ghafla. Naomba umwambie kwanza kabla ya kumshika." Maneno hayo machache huokoa machozi mengi. Wapo watoto wanaotulia wakikumbatiwa kwa nguvu na kuchukia kupapaswa. Hilo nalo lisemwe.

Matone ndiyo magumu kuliko yote. Kumwambia mtoto kwamba hayaumi ni kumdanganya, na akidanganywa mara moja hatakubali mara ya pili. Aambiwe kuwa yatachoma kidogo, kisha yataacha. Iko njia nzuri: mtoto alale chali akiwa amefumba macho, tone liwekwe kwenye pembe ya jicho karibu na pua, halafu afumbue polepole, na dawa itaingia yenyewe. Baada ya hapo mboni hubaki pana kwa saa kadhaa, mara nyingine hadi kesho yake, na jua la mchana humwumiza. Kofia yenye ukingo mpana isisahauliwe nyumbani.

Mtoto akishindwa kabisa, asishikwe na watu wanne kwa nguvu ila kwa jambo la haraka. Yafaa kumwomba daktari agawe kazi: leo azoee chumba na kiti, wiki ijayo apimwe. Ni nauli mara mbili, na si kila nyumba inayo. Hata hivyo mtoto aliyetiwa hofu huenda asikanyage tena mlango ule. Kwa wachache hubidi kupimwa wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, na uamuzi huo ni wa daktari.

Akiandikiwa miwani, taabu huhamia nyuma ya masikio. Fremu iwe nyepesi, isimbane puani, na avae dakika chache kwanza, wakati wa jambo alipendalo, kama vile kutazama picha au kuchambua maharage na bibi yake. Muda uongezwe siku hadi siku.